Oili inapovuja: Jinsi ya kutafuta chanzo kabla injini haijafunguliwa

DOA jeusi chini ya gari lililolala uani limezoeleka mno mjini Garsen, hivi kwamba wenye magari wengi hulipita bila kulitazama mara ya pili. Dereva huongeza nusu lita ya oili asubuhi, hufunga boneti na kwenda zake. Huenda desturi hiyo isimdhuru anayezunguka baina ya Garsen na Minjila, kwa kuwa duka la oili haliko mbali. Anayeelekea Hola, Bura au Garissa yuko katika hali nyingine kabisa. Kutoka Garsen hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 200 za joto kali, na kuna sehemu ndefu za njia hiyo ambako gari likizimika hakuna gereji wala duka la vipuri la kukimbilia. Upande wa pili, barabara ya Garsen kuelekea Witu na Lamu ni miongoni mwa zile ambazo mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi kufuatia mashambulizi ya mwaka 2014. Si mahali pa kukwama jioni kwa sababu ya gasketi.

Injini iliyokosa oili haimpi dereva muda wa kufikiri. Beringi za krankshafti hutegemea utando mwembamba wa oili ili chuma kisisuguane na chuma. Utando huo ukikatika, dakika chache za mwendo zinatosha kuziunguza beringi, na kutoka hapo mwenye gari hazungumzii tena gasketi bali injini nyingine. Kwa mmiliki wa gari dogo la abiria, gharama hiyo yaweza kula mapato ya miezi kadhaa.

Hata hivyo, hasara inayowapata wenye magari wengi zaidi ni ya aina nyingine. Gari linavuja, fundi analitazama kwa chini, anataja sehemu fulani, giaboksi inashushwa, sili mpya inatiwa, na baada ya wiki doa linarudi palepale. Pesa zimelipwa kwa kazi iliyofanywa vizuri mahali pasipo na kosa. Doa la chini huonyesha kwamba oili inavuja, lakini halionyeshi inakotoka.

Sababu ya magari ya eneo hili kuvuja si siri. Kiwango cha Kenya KS 1515 cha mwaka 2000 huzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na kwa hivyo sehemu kubwa ya magari yanayoteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japani tayari yana miaka saba hivi. Gasketi na sili za mpira huwa zimeanza kukauka kabla gari halijapata nambari ya usajili ya Kenya. Likifika Tana River hukutana na joto, vumbi, barabara za mawe zinazotingisha bolti hadi zilegee, na matuta yanayokwaruza sampu ya gari lisilo na bamba la kinga chini yake. Mpira uliokuwa laini unakuwa mgumu kama plastiki, na mpira mgumu hauzibi.

Je, ni oili kweli?

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kinachodondoka ni oili ya injini. Katoni bapa au karatasi nyeupe ikitandazwa chini ya injini usiku kucha, asubuhi itaonyesha rangi na mahali. Oili ya injini huwa ya kahawia, au nyeusi ikiwa imetumika muda mrefu, na huteleza baina ya vidole. Oili ya giaboksi ya otomatiki na ya usukani aghalabu huwa nyekundu. Ile ya giaboksi ya kawaida ni nzito na ina harufu kali inayokaribia ya kiberiti. Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa huwa ya kijani, ya waridi au mekundu, nayo hayana ule utelezi wa oili. Majimaji yakionekana karibu na gurudumu, mepesi na ya rangi ya chai hafifu au yasiyo na rangi, yachukuliwe kuwa ya breki mpaka ithibitike vinginevyo, na gari hilo lisiendeshwe.

Maji safi yanayotiririka upande wa abiria baada ya safari si hitilafu. Ni mvuke uliogeuka maji katika kipoza hewa, na katika joto la Garsen huweza kujaza kikombe. Wapo waliokwisha kulipia uchunguzi wa maji hayo.

Kisha hufuata kijiti cha kupimia oili. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika tano hadi kumi, kijiti kichomolewe, kipanguswe, kirudishwe hadi mwisho, ndipo kichomolewe tena na kusomwa. Katika magari mengi madogo tofauti baina ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita moja. Kipimo hiki kina uzito wake. Injini ya 1NZ-FE iliyomo katika Toyota Probox nyingi zinazobeba abiria na mizigo hubeba lita 3.7 tu, filta ikihesabiwa. Aliyepoteza lita moja na nusu amepoteza karibu asilimia 40 ya oili yake yote, na pengine gari bado linakwenda kama kawaida.

Mwenye gari aandike kipimo na idadi ya kilomita kila asubuhi kwa wiki moja. Ikiwa oili inapungua na katoni ni kavu, basi haivuji chini bali inaungua ndani ya injini, na moshi wa samawati kwenye ekzosi utathibitisha. Ugonjwa huo ni wa ringi za pistoni au sili za vali, na hakuna gasketi ya nje itakayoutibu. Kuna na kosa la kinyume. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu huchapwa na krankshafti hadi ikatoa povu, na huweza kusukumwa nje kwenye sili zilizokuwa nzima.

Ifahamike pia kwamba taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili kwenye dashibodi haipimi kiasi cha oili. Inapima shinikizo. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, pampu huenda tayari inavuta hewa. Anayesema atafika kwanza kituo kijacho ndipo asimame amekwisha kuamua kununua injini.

Kuosha kabla ya kutafuta

Injini iliyofunikwa kwa tope la oili na vumbi haiwezi kuchunguzwa. Oili hutoka juu, hufuata kona na mabomba, hupeperushwa nyuma na upepo wa mwendo na kudondoka mahali ambapo pengine hapana uhusiano wowote na chanzo. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kuosha. Injini ikiwa imepoa, tope gumu hukwanguliwa kwa kijiti, kisha sehemu zote husuguliwa kwa brashi na sabuni ya kukata mafuta au sabuni ya unga iliyokorogwa. Petroli isitumiwe kamwe, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo ya waya. Altaneta, koili za plagi na kisanduku cha fyuzi vifunikwe kwa mfuko wa plastiki, na maji yamiminwe taratibu badala ya kupigwa kwa bomba la nguvu. Plastiki hiyo iondolewe kabla ya kuwasha gari, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi kuliko inavyokiriwa.

Injini ikikauka, iwashwe na kuachwa ingurume kwa robo saa huku mtu akimulika kwa tochi kuanzia juu. Uvujaji mkubwa utajionyesha hapo. Ule mdogo huhitaji mwendo wa kilomita 20 au 30, kisha kutazama tena. Njia rahisi ya kuusaka ni kunyunyiza poda ya watoto kwenye viungo vinavyoshukiwa. Poda nyeupe hubaki kavu isipokuwa pale oili inapopenya, na mchirizi wake huonekana wazi. Katika gereji kubwa za mijini, mafundi huchanganya katika oili rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Kwa magari mengi, poda inatosha.

Hata vumbi la Tana River lina faida moja katika jambo hili. Hushika palipo na unyevu na kupeperuka palipo pakavu, na kwa siku mbili tatu baada ya kuosha huchora ramani ya njia ya oili. Kanuni ni kufuata unyevu kwenda juu na kwenda mbele mpaka unapokoma. Mahali pa juu kabisa penye unyevu ndipo pa kushughulikiwa kwanza.

Sehemu inayovuja mara nyingi kuliko zote ni kifuniko cha vali kilicho juu ya injini, ambacho makanika hukiita tapeti kava. Gasketi yake hukaa penye joto jingi, na huwa miongoni mwa za kwanza kukauka. Oili ikitoka hapo hushuka kwa nyuma ya injini hadi kwenye kiungo cha injini na giaboksi, na ikiangukia ekzosi iliyo moto hutoa harufu ya kuungua ndani ya gari. Harufu hiyo si ya kuvumilia, kwani oili juu ya bomba la moto ni chanzo cha moto.

Hapa ndipo kosa la bei ghali hufanyika. Fundi mwenye haraka akiona tone linaning'inia baina ya injini na giaboksi hutangaza kwamba sili ya nyuma ya krankshafti imekufa. Huenda ni kweli. Lakini sili hiyo haifikiwi bila kuteremsha giaboksi, kazi ya nusu siku au siku nzima, ilhali gasketi ya tapeti kava hubadilishwa kwa saa moja au mbili. Kabla ya kukubali giaboksi ishushwe, mwenye gari ana haki ya kuuliza swali moja: je, sehemu zote za juu ya kiungo hicho ni kavu? Ikiwa hazijaoshwa na kutazamwa, jibu halipo.

Baina ya juu na chini kuna vyanzo vingi vidogo. Mpira wa kifuniko cha kujazia oili hupasuka. Swichi ya shinikizo la oili, kidude kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, huvuja kupitia kiini chake na kulowesha upande mzima. Sensa na vali zinazoongoza kemshafti zina pete za mpira zinazochoka. Kwenye injini za dizeli zenye tabo, bomba la kurudishia oili na gasketi zake lichunguzwe mapema. Kwenye injini zinazotumia mkanda wa taimingi, sili za mbele zikivuja hulowesha mkanda huo, na mkanda uliolowa oili huharibika kabla ya muda wake. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga vali. Uvujaji wa namna hiyo haungojewi.

Filta nayo ina hadithi yake. Oili ikianza kumwagika kwa wingi mara tu baada ya kubadilishwa, yamkini pete ya mpira ya filta kuukuu ilibaki imenata kwenye injini na filta mpya ikafungwa juu yake. Pete mbili haziwezi kuhimili shinikizo, na injini yaweza kumwaga oili yake yote ndani ya muda mfupi. Aidha, bolti ya kumwagia oili chini ya sampu ina washa laini inayofaa kubadilishwa kila oili inapobadilishwa. Badala ya kununua washa mpya, wengi huikaza bolti kwa nguvu zaidi mpaka meno ya sampu yakakatika.

Injini isiyoweza kupumua

Kabla gasketi yoyote haijanunuliwa, kuna kitu kimoja cha kuchunguza ambacho mafundi wengi hukiruka. Kila injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia katika chumba cha krankshafti. Vali ndogo iitwayo PCV, pamoja na bomba lake, huirudisha gesi hiyo katika njia ya hewa ili iungue. Vali ikiziba kwa masizi, gesi hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda, na oili husukumwa nje kupitia kiungo kilicho dhaifu zaidi. Gasketi mpya ikiwekwa kwenye injini kama hiyo, oili itatafuta kiungo kingine. Ndiyo sababu ya magari ambayo hutengenezwa kila mwezi na hayaponi.

Katika injini za petroli, jaribio lake halihitaji vyombo. Injini ikinguruma polepole, kifuniko cha kujazia oili hutolewa na karatasi nyepesi kuwekwa juu ya tundu. Ikivutwa chini kidogo, injini inapumua. Ikirushwa juu, ama vali imeziba ama ringi zimechoka. Vali huchomolewa na kutikiswa. Iliyo nzima hulia ndani, iliyoziba huwa kimya. Bei yake ni ndogo, na ni busara kuibadilisha kwanza. Iwapo karatasi itaendelea kurushwa hata baada ya vali mpya, tatizo ni la ndani ya injini na mwenye gari afanye hesabu zake upya.

Kutengeneza

Tuseme chanzo ni tapeti kava. Injini iachwe ipoe kabisa. Koili na mabomba yaondolewe na kuwekwa kwa mpangilio, bolti zilegezwe kuanzia kingo kuelekea katikati, na kifuniko kiinuliwe kwa mkono bila kutiwa bisibisi kwenye ukingo wake. Mabaki ya gasketi yaondolewe kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, kwa maana kisu huchora mikwaruzo kwenye alumini na kila mkwaruzo ni mfereji wa oili. Nyuso zote mbili zipanguswe kwa kitambaa safi hadi ziwe kavu. Mipira ya matundu ya plagi ibadilishwe wakati huohuo.

Silikoni hupakwa kidogo tu katika pembe ambako vipande viwili vya injini vinakutana, na pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Kujaza silikoni ukingo mzima juu ya gasketi ni mazoea mabaya yaliyoenea katika gereji za jua kali. Ziada yake hubanwa ndani, hukatika, husafiri na oili na kwenda kuziba wavu wa pampu ndani ya sampu. Injini iliyokuwa ikivuja tu sasa inakosa oili ikiwa na oili tele.

Bolti za tapeti kava hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu. Kwenye injini ndogo kama 1NZ-FE kipimo ni karibu nyutoni-mita 10, yaani nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Anayekaza kwa mkono mzima huipinda kava au huikata bolti. Silikoni ipewe muda ulioandikwa kwenye mrija wake kabla ya kuwasha gari. Filta mpya ipakwe oili kwenye pete yake na kufungwa kwa mkono, takriban robo tatu za mzunguko baada ya kugusa. Baada ya siku moja, na tena baada ya kilomita mia chache, mahali palipotengenezwa patazamwe kwa tochi.

Dawa za kuzuia uvujaji zinazomiminwa ndani ya oili hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Huweza kupunguza matone ya sili iliyoanza kuchoka, lakini hazizibi gasketi iliyokatika wala bolti iliyolegea. Vivyo hivyo, kumimina oili nzito ya 20W-50 katika injini iliyoundwa kutumia 5W-30 kunaweza kupunguza doa, ila mitambo ya VVT-i hutumia oili hiyohiyo kupitia njia nyembamba, na injini huanza kulalamika kwa namna nyingine. Kuhusu vipuri, Kenya imekuwa na Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi tangu mwaka 2008, lakini ulinzi wa karibu zaidi ni macho ya mnunuzi. Kwa kuwa si kila kipuri hupatikana Garsen na vingine hulazimika kuagizwa Malindi au Mombasa, ni vyema kutuma nambari ya injini pamoja na picha ya kipande cha zamani.

Msimu wa mvua una hatari ya ziada. Mafuriko ya mwaka 2018 na yale ya mwisho wa 2023 yalikata barabara katika sehemu kadhaa za Tana River, na magari yakathubutu kupita majini. Gari lililozama hadi usawa wa injini lisiwashwe kabla ya kijiti kuchomolewa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake, na yapasa kumwagwa yote.

Kwa aliye safarini tayari, tahadhari ni chache. Abebe angalau lita mbili za oili ya aina ileile, kitambaa, tochi na katoni. Apime kila kituo, si kila siku. Uvujaji wa tone moja kila sekunde ni matone 3,600 kwa saa, zaidi ya mililita 100, na mwendoni huongezeka kwa sababu ya shinikizo. Mwenye kuona hali hiyo akiwa Garsen asianze safari ya Hola.

Oili chakavu inayotolewa wakati wa matengenezo ina mahali pake pia. Delta ya Tana, hekta 163,600 za ardhi oevu, iliandikishwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na kanuni za taka zilizotolewa mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira huihesabu oili chakavu kuwa taka hatari. Imwagwe katika beseni, imiminwe katika mtungi wenye kifuniko, na mtungi uwekwe mbali na mtaro, kisha ukabidhiwe gereji inayokusanya oili ya aina hiyo. Filta kuukuu iinamishwe juu ya beseni usiku mmoja kwanza, kwa kuwa hubaki na oili ya kutosha kuchafua ndoo nzima ya maji.